Kabla Hujalipa, Kikunje: Namna ya Kuijua Ngozi ya Kiatu cha Kiume

Uliza swali moja tu kwenye meza za viatu, iwe Tandika, Mbagala Rangi Tatu, Mwenge au Tegeta: "Hii ni ngozi?" Hutajibiwa hapana. Utaambiwa ni ngozi tupu, bosi. Ngozi pyua hiyo, kaka. Mzigo wa Italia huo, mzee, umefunguliwa leo asubuhi. Muuzaji atakayekwambia "hapana, hiki ni plastiki, ila ni plastiki nzuri" bado hajafungua biashara. Kwa hiyo swali lenyewe halina faida. Anayetaka kiatu cha kwendea kazini, kwenye usaili, harusini au kanisani Jumapili inabidi ajifunze kukiuliza kiatu chenyewe. Kiatu kina sehemu mbili zisizojua kuongopa: pale ngozi ilipokatwa, na pale mguu unapokikunja. Mengine yote, yaani mng'ao, muhuri, boksi na harufu, yanaweza kutengenezwa.

Kwa nini ngozi

Wapo wanaosema kiatu ni kiatu, kiking'aa basi. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam hoja hiyo haifiki hata saa sita mchana. Mtu anatoka Chanika au Bunju alfajiri, anabanana kwenye daladala, anaingia ofisini saa mbili, na mguu unabaki ndani ya kiatu mpaka giza liingie. Muda wote huo unatoka jasho. Ngozi ya mnyama ina nyuzi zenye nafasi katikati yake. Inanyonya jasho na kulitoa polepole. Plastiki haina pa kulipeleka. Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kutakiwa avue viatu mlangoni kwa wakwe.

Sababu ya pili ni matengenezo. Ngozi inashika uzi, inashika gundi, inapakwa rangi ikafufuka. Plastiki ikibanduka imebanduka, na fundi hana la kufanya zaidi ya kukuonea huruma. Tena unyevu wa pwani unaisumbua hasa plastiki ya poliyurethani, ile inayoandikwa PU. Mvuke wa hewani huivunjavunja taratibu hata kiatu kikiwa kimelala kabatini, mpaka uso wake uanze kutoka magamba. Ndiyo maana kiatu ulichokivaa kwenye harusi mbili tu kinaweza kukuaibisha kwenye ya tatu.

Hatusemi kwamba plastiki ni haramu. Masika yakianza mwezi Machi na njia za ndani huko Mbande au Goba zikageuka tope, kiatu cha PVC kinakuvusha mpaka lami bila wasiwasi, halafu unabadilisha ofisini. Kosa si kununua plastiki. Kosa ni kuilipia bei ya ngozi.

Ngozi moja, madaraja matano

Ngozi ya ng'ombe ikitoka machinjioni ni nene mno kwa kiatu. Hufika milimita 4 na kuzidi, wakati sehemu ya juu ya kiatu cha heshima inahitaji milimita 1.2 hadi 1.6 hivi. Kiwandani hupasuliwa kwa mashine kuwa matabaka, na hapo ndipo madaraja yanapozaliwa.

Daraja la kwanza ni tabaka la juu ambalo uso wake haukusuguliwa. Vinyweleo vinaonekana, alama ndogo za maisha ya mnyama zinaonekana, na nyuzi zake ndizo zilizoshikana kuliko zote. Hii hudumu miaka na huwa nzuri zaidi kadiri inavyovaliwa.

La pili ni tabaka hilohilo la juu, lakini uso umesuguliwa ili kuondoa makovu, ukapakwa rangi nzito na kupigwa chapa ya vinyweleo vya bandia. Viatu vingi vyeusi vya ofisini, hata vya bei ya kutosha, viko hapa. Si ngozi mbaya. Inastahimili vumbi na mvua, ila huwa ngumu kidogo na haipumui sana.

La tatu ni tabaka la chini, lile lililobaki baada ya uso kuondolewa. Halina uso wake, kwa hiyo hubandikwa utando wa plastiki juu na kupigwa chapa ifanane na ngozi nzima. Ni ngozi, huwezi kumshitaki aliyekuuzia, lakini utando ukipasuka kinachobaki ni nyuzi zinazochambuka.

La nne ni vumbi na vipande vya ngozi vilivyosagwa, vikachanganywa na gundi na kukandamizwa kuwa karatasi. Ndani yake ngozi imo, nguvu haimo. La tano ndiyo reksini yenyewe, kitambaa kilichopakwa PU au PVC, kisichowahi kumjua mnyama yeyote.

Ukiyaelewa madaraja haya utaona kwa nini muhuri wa "Genuine Leather" haukusaidii sana. Muhuri huo unakwambia kuna ngozi mahali fulani. Haukwambii ni tabaka lipi, wala kama imefunika kiatu kizima au ulimi peke yake.

Soma lebo, lakini soma vizuri

Lebo yenye maana zaidi utaikuta kwenye mitumba kutoka Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1994 utaratibu wa kuwataka wauzaji wa viatu waonyeshe kwa alama vimetengenezwa kwa nini. Geuza kiatu, tazama chini ya soli au ndani ya ulimi. Utakuta picha ndogo ya kiatu imegawanywa sehemu tatu: sehemu ya juu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje. Pembeni ya kila sehemu kuna alama. Umbo la ngozi iliyotandazwa, lenye miguu minne, maana yake ni ngozi. Umbo hilohilo likiwa na almasi ndogo katikati ni ngozi iliyopakwa utando. Mistari iliyofumana ni kitambaa. Almasi peke yake ni vitu vingine, kwa lugha ya mtaani plastiki na mpira. Alama hutolewa kwa kitu kilichochukua angalau asilimia 80 ya sehemu husika.

Kiatu kinaweza basi kuwa na alama ya ngozi juu, almasi kwenye bitana na almasi kwenye soli. Ni cha kawaida na hakina ubaya, mradi unajua unacholipia. Maneno nayo yana maana yake. "Vera Pelle" ni Kiitaliano cha ngozi halisi; "Vero Cuoio", ambayo mara nyingi hupigwa chini ya kiatu, inaizungumzia soli tu. "Leather Upper" inamaanisha juu ni ngozi na kwingine usiulize. "Man Made" haina uhusiano na ngozi hata kidogo, ijapokuwa wapo wanaoitaja kwa sauti kubwa kana kwamba ni sifa.

Ila lebo nayo inaweza kughushiwa, na jina la Italia hubandikwa popote penye gundi. Lebo ikisema ngozi, bado hujamaliza kazi.

Ukingo

Anza na ukingo. Tafuta mahali ambapo ngozi imekatwa ikaachwa wazi: ncha ya ulimi, upande wa ndani wa matundu ya kamba, chini ya mkanda wa moka, au nyuma pale bitana inapokutana na shingo ya kiatu. Watengenezaji wengi hukunja kingo na kuzishona ili kiatu kionekane nadhifu. Ikiwa hivyo, inua soli ya ndani au geuza ulimi. Karibu kila kiatu kina sehemu moja iliyosahauliwa.

Ukingo wa ngozi unaonyesha nyuzi zilizosokotana bila mpangilio, na hakuna mstari unaotenganisha juu na chini. Ukiona kitambaa kilichofumwa chini na utando laini juu yake, hiyo ni plastiki, na mazungumzo ya bei yaanzie hapo. Ukiona nyuzi za ngozi lakini juu yake kuna tabaka jembamba linaloweza kuinuliwa kwa ukucha, umeshika daraja la tatu.

Rangi ya ukingo inasimulia pia namna ngozi ilivyosindikwa. Ngozi nyingi za viatu duniani husindikwa kwa chumvi za kromi, na zikitoka kwenye mapipa huwa za samawati. Kama rangi haikupenya mpaka ndani, katikati ya ukingo utaona kijivu chenye usamawati. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti huwa ya hudhurungi mpaka katikati. Magome hayo tunayo nyumbani: kampuni ya TANWAT huko Njombe ilianza mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, miti ambayo maji ya magome yake hutumika kusindika ngozi. Ngozi ya namna hiyo ni ngumu na nzito, inafaa soli na mikanda. Kwa sehemu ya juu ya kiatu, ya kromi ni laini zaidi na inavumilia maji vizuri zaidi. Hakuna bora kupita nyingine. Kila moja ina mahali pake.

Mkunjo

Ukimaliza ukingo, bonyeza. Weka dole gumba katikati ya kiatu, nyuma kidogo ya vidole vinapokaa, usukume taratibu. Ngozi nzuri hutoa mikunjo myembamba inayosambaa kuzunguka kidole, na ukiachia inapotea, kama ngozi ya mgongo wa kiganja chako ukiifinya. Plastiki inabonyea kwa pamoja bila mikunjo midogo, au inatoa mkunjo mmoja mkali unaobaki.

Halafu kikunje kiatu kizima mahali vidole vinapojikunja mtu anapotembea. Usione haya, ni hapo kitakapojikunja maelfu ya mara baada ya kukilipia. Ukiona mistari myeupe imejitokeza kwenye rangi, au utando umeinuka kama unataka kuachana na kilicho chini, kirudishe mezani. Ukiona mikunjo mikubwa, minene na milegevu, hiyo inaweza kuwa ngozi halisi lakini ya tumboni mwa mnyama.

Jambo hili la tumbo na mgongo wanunuzi wengi hawalijui. Ngozi ya mgongo na ya makalio ina nyuzi zilizobanana, haivutiki ovyo. Ya tumbo na ya kwapa ni legevu, inavutika na kupoteza umbo. Mtengenezaji makini hukata sehemu ya mbele ya kiatu kutoka mgongoni, na za tumboni akazitumia kwenye ulimi au sehemu zilizofichika. Asiye makini hukata popote. Kwa sababu kiatu cha kulia na cha kushoto huweza kukatwa mahali tofauti, vikague vyote viwili. Kimoja kikiwa na mikunjo myembamba na kingine minene, jozi hiyo baada ya miezi michache itaonekana imetoka kwa watu wawili.

Majaribio ya mtaani

Kiberiti kwanza, maana ndicho kinachopendwa. Muuzaji anawasha kiberiti cha gesi, anapitisha moto chapuchapu juu ya kiatu, hakuna kinachoungua, umati unaitikia. Moto wa sekunde moja hauunguzi plastiki nene, na haumuunguzi mwenye mazoezi ya mkono. Halafu ngozi halisi iliyopakwa rangi nzito ikikaliwa na moto inaweza kutoa harufu ya plastiki, kwa sababu ya ile rangi. Na ngozi ya mabaki yaliyosagwa itatoa harufu ya nywele zinazoungua, kwa sababu vumbi la ngozi limo. Jaribio linalomtia hatiani asiye na kosa na kumwachia mwenye kosa halina maana. Zaidi ya hayo, limechoma kiatu unachotaka kukinunua.

Maji yana maana kama utayaweka mahali sahihi. Tone juu ya uso uliopakwa rangi na nta litateleza, iwe ngozi au plastiki. Liweke kwenye upande wa chini wa ulimi au kwenye ukingo uliokatwa. Ngozi italinyonya ndani ya muda mfupi na kuwa nyeusi kidogo mahali hapo. Utando wa plastiki utaliacha limekaa.

Harufu isikilize, usiiamini peke yake. Manukato ya ngozi yanauzwa kwenye chupa na hupulizwa. Harufu kali ya gundi na ya petroli ni onyo la kweli; harufu nzuri ya ngozi si ushahidi.

Vinyweleo navyo vitazame juani, si chini ya taa za duka. Kwenye uso wa asili vimetawanyika bila mpangilio, hapa vimesongamana, pale vimeachana. Kwenye chapa ya mashine utaona mchoro unajirudia kila baada ya sentimita chache. Viatu vya kuchongoka vyenye magamba ya mamba, vinavyopendwa sana na mabwana harusi, karibu vyote ni chapa. Tafuta gamba moja lenye umbo la pekee, kisha litafute tena upande wa pili. Ukilikuta, mamba huyo alizaliwa kiwandani.

Kovu dogo lisikutishe. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, lakini ngozi zao nyingi zinafika kiwandani zikiwa na alama za kupe, miba, visu vya wachunaji na chapa za moto zilizopigwa ubavuni. Kikovu chembamba kwenye kisigino ni ushahidi kwamba ulichoshika kilikuwa hai. Kovu likiwa refu na liko kwenye mstari wa kujikunja, liogope, maana hapo ndipo kiatu kitakapopasukia.

Mitumba: dhahabu na mitego

Ukiwa na jicho, meza ya mitumba ndiyo yenye ngozi nzuri kuliko maduka mengi ya viatu vipya vya bei sawa. Karume Ilala, chini ya daraja la Manzese, Tandika na Mbagala, hutokea kiatu cha Northampton huko Uingereza au cha Italia kilichovaliwa kidogo na mtu ambaye ofisi yake ina zulia. Hiki, kikitunzwa, kitakizidi umri kiatu kipya cha plastiki mara kadhaa.

Mtego wa kwanza ni rangi. Kiatu cha kahawia kilichochoka hupakwa rangi nyeusi nzito, nyufa zikajazwa, kikajazwa magazeti kisimame. Lowesha kitambaa cheupe au tishu, sugua kwenye mkunjo na kwenye ukingo. Rangi ikitoka kwa wingi, uliza kilichofichwa. Linganisha na rangi ya ndani ya ulimi na ya chini ya kamba, maana mpakaji haendi mbali hivyo. Panua mikunjo kwa vidole viwili utazame ndani yake: ngozi iliyokauka ikapasuka hairudi, hata ukiipaka mafuta ya nazi kwa mwezi mzima.

Mtego wa pili ni soli, nao umewaacha wengi miguu chini. Soli nyepesi za poliyurethani, zikikaa ghalani miaka, huoza kimyakimya kwa ule unyevu niliousema. Kwa macho ni nzima. Siku ya kwanza ukivaa, zinameguka vipande kituoni. Bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba, hasa kisiginoni na pembeni. Ikibonyea ikabaki na alama, ikitoa unga au ikinata, iache, hata kama juu ni ngozi ya daraja la kwanza. La sivyo ongeza gharama ya soli mpya kwenye bei, kisha uone kama bado inakulipa.

Kwa Waislamu kuna jambo moja zaidi. Bitana za viatu vingi vya nje hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa kuwa ni nyembamba na inapitisha hewa. Wengi wetu pwani hii ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambayo husema ngozi ya nguruwe haitakasiki hata ikisindikwa. Itambue kwa vinyweleo vyake: vimekaa vitatu vitatu, kama pembe tatu ndogo zilizotapakaa. Ya ng'ombe na ya mbuzi haina mpangilio huo. Chungulia ndani ya kisigino kwenye mwanga. Bitana isiyopakwa rangi huonyesha wazi.

Ndani ya kiatu

Ngozi nzuri ikiwekwa juu ya kiatu kibaya imepotea. Fundi mmoja wa Tandika alinifungulia moka iliyoletwa kwake baada ya mvua moja. Kwa nje ilikuwa ngozi ya kuridhisha. Alipoikata kisigino, kile kibao cha ndani kinachoshikilia umbo la nyuma kilikuwa kadibodi, kimelowa na kuvimba mpaka kikabaki na alama za vidole vya fundi. Soli ya ndani nayo ilikuwa kadibodi. Mshono mzuri uliokuwa unazunguka soli ulikuwa mchoro uliomwagwa pamoja na mpira kwenye kalibu, haukushona chochote. Kilichoshika kiatu kizima kilikuwa gundi.

Kwa hiyo minya kisigino kwa nyuma: kiwe kigumu na kirudi kilipokuwa. Kikibonyea na kutoa mlio mkavu, ni karatasi. Fuata uzi wa soli kwa kucha: uzi wa kweli unaingia na kutoka, unaweza kuuhisi ukikaza, na kwenye baadhi ya viatu utaukuta pia ndani, chini ya soli ya ndani. Kiatu kilichoshonwa fundi anaweza kukifungua na kukifunga tena. Kilichogandishwa kwa gundi pekee si kibaya kama gundi ni nzuri, ila kisikuuzie mshono ambao hakina.

Nenda ukajaribu alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto na matembezi, na uvae viatu vyote viwili. Ngozi hutanuka upana kidogo, urefu hautanuki. Kidole gumba kikigusa mbele leo, kitagusa mpaka mwisho wa kiatu, muuzaji aseme asemavyo kuhusu "kitaachia".

Vya kwetu

Historia ya viatu vya ngozi nchini ina somo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua hisa kubwa kwenye kampuni ya Bata, na watu wazima wa leo wanavikumbuka viatu vya shuleni vya chapa ya Bora. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro, kilichokusudiwa kuuza hata Ulaya. Hakikuwahi kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Mashine zilikuwa za kisasa, lakini jengo lenye kuta za alumini lisilo na njia za hewa halikufaa joto la Morogoro.

Leo kiwanda cha Karanga, Moshi, kilichoanza mwaka 1977 chini ya Jeshi la Magereza na baadaye kupanuliwa kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kinatengeneza viatu vya ngozi. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha teknolojia ya ngozi. Na kwenye mitaa ya Dar wapo mafundi wanaokupima mguu kwa karatasi na kalamu. Faida kubwa ya fundi wa hapa ni kwamba unaweza kuiona ngozi kabla haijawa kiatu. Mwambie akuonyeshe ngozi nzima. Chagua upande wa mgongo, ikunje, tazama nyuma yake, mwonyeshe kovu usilolitaka, na mkubaliane mapema kisigino kitawekwa nini ndani. Anayekuuzia mbuzi kwenye gunia hatakubali masharti hayo.

Hesabu na haki yako

Chukua mfano wa hesabu. Kiatu cha plastiki cha shilingi 30,000 kinachobanduka baada ya miezi mitano kitakulazimu kununua jozi saba hivi kwa miaka mitatu, yaani shilingi 210,000. Cha ngozi cha 90,000, kikibadilishwa soli mara mbili kwa 15,000, kitakuwa kimekula 120,000 kwa muda huohuo, na bado kipo. Badili tarakimu uweke bei za mtaani kwako. Mara nyingi jibu litaelekea upande uleule, mradi kweli ni ngozi na kweli unakitunza.

Kutunza si kazi kubwa. Kipumzishe siku moja baada ya kukivaa. Kikilowa, kijaze magazeti ukianike kivulini, si juani wala karibu na jiko. Paka kiwi ya kopo, kidogo, kwa kitambaa. Ile dawa ya maji inayong'arisha papo hapo huacha utando unaopasuka. Ukungu ukitokea wakati wa masika, futa kwa kitambaa kikavu, kipeleke kwenye hewa, usikifungie kwenye mfuko wa nailoni.

Ukinunua dukani, dai risiti ya mashine ya EFD na omba neno "ngozi" liandikwe juu yake. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tangazo la ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudi halibadilishi plastiki kuwa ngozi. Bidhaa bandia zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa machinga asiye na risiti, ulinzi wako ni jicho lako, au la fundi viatu wa mtaani kwako. Mpe hela ya soda akusindikize, maana yeye ndiye anayeviona viatu siku vinapokufa.

Basi nenda mchana, kwenye mwanga. Tazama ukingo, bonyeza kwa dole gumba, kikunje, minya kisigino, gusa soli kwa ukucha. Yote hayo ni dakika tano. Muuzaji mwenye ngozi atakuacha ufanye, tena atakusaidia kukigeuza. Anayekunyang'anya kiatu kwa kusema utakiharibu amekujibu tayari: mshukuru, mrudishie mali yake, na usogee meza ya pili.